Korea Kusini: Fedha za Uzazi Zipo, Saa za Kulea Hazipo

Mwaka 2023 wastani wa watoto ambao mwanamke wa Korea Kusini angetarajiwa kuzaa katika maisha yake yote ulishuka hadi 0.72. Hakuna nchi nyingine iliyokuwa chini kiasi hicho. Ili idadi ya watu isipungue kizazi hadi kizazi, wastani huo unatakiwa uwe takriban 2.1. Korea Kusini imebaki na theluthi moja tu ya hapo. Jijini Seoul, kwenye ofisi nyingi na mishahara mizuri, ulikuwa 0.55. Na haya yametokea baada ya serikali kutumia zaidi ya won trilioni 280 kati ya mwaka 2006 na 2021, yaani zaidi ya dola bilioni 200 za Marekani, kwa mipango ya kuwahimiza watu wazae.

Wanaoipitia hesabu hiyo juu juu hutoka na hukumu mbili: fedha hazileti watoto, na vijana wa leo wanajipenda mno. Ya kwanza ina nusu ya ukweli. Ya pili ni kuwaonea watu. Mwaka 2025 Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu, UNFPA, lilitoa ripoti iliyotokana na utafiti wa maoni katika nchi 14. Asilimia 39 ya waliojibu walisema hali ya kifedha imewafanya, au itawafanya, wawe na watoto wachache kuliko wanavyotaka. Korea Kusini ndiyo iliyoongoza, kwa asilimia 58. Hawa ni watu wanaotamani watoto na wanaoona njia imefungwa. Tukiwaita wabinafsi, tunawapunguzia wakubwa wajibu wa kuuliza ni nani aliyeifunga.

Ninavyoona mimi, kwa karibu miaka ishirini serikali ya Seoul imelipia zaidi tukio la kuzaa, ilhali kinachowashinda mke na mume walioajiriwa ni miaka inayofuata. Kuzaa si kazi, kazi kulea, walisema wazee. Na kulea kunataka saa, kunataka mwajiri atakayekupokea ukirudi, kunataka mwenzako nyumbani anayeshika upande wa pili wa mzigo. Hivyo vyote haviingizwi kwenye akaunti ya benki.

Tazama jinsi fedha zenyewe zinavyotolewa. Mtoto wa kwanza aliyezaliwa mwaka 2024 aliwaletea wazazi wake won milioni 2 papo kwa papo, na wa pili milioni 3. Katika mwaka wake wa kwanza wazazi hupata won milioni 1 kila mwezi, ambazo ni kama dola 700. Mwaka wa pili zinakuwa laki tano. Baada ya hapo, kwa utaratibu wa mwaka huo wa 2024, ilibaki posho ya won laki moja kwa mwezi mpaka mtoto atimize miaka minane. Kampuni moja kubwa ya ujenzi, Booyoung, ilikwenda mbali zaidi: Februari 2024 ilitangaza kuwapa wafanyakazi wake won milioni 100 kwa kila mtoto atakayezaliwa. Ni fedha nyingi, na siwezi kumlaumu mzazi anayezipokea. Lakini ona zilivyokwisha. Zilimwagika mtoto akiwa mchanga, zikakatika akiwa darasa la pili, na hapo ndipo gharama zake kubwa zilipoanza.

Gharama hizo ni za tuisheni kwanza. Mwaka 2024 wazazi wa Korea Kusini walitumia won trilioni 29.2 kwa masomo ya ziada ya kulipia, na wanafunzi wapatao wanane kati ya kila kumi walikuwa wakihudhuria. Ukigawanya kwa wanafunzi wote, hata wasiosoma tuisheni, unapata won 474,000 kwa kila mtoto kwa mwezi. Hiyo ni karibu mara tano ya ile posho, ambayo kwa wengi wao ilishakatika. Watoto hutoka shule ya kawaida wakaingia shule ya jioni. Jijini Seoul ilibidi kuwekwe amri ya kuzifunga shule hizo saa nne usiku, na amri ya namna hiyo haiwekwi mahali ambapo watoto wanalala mapema. Yote yanaelekea kwenye mtihani mmoja wa kuingia chuo kikuu, unaofanyika siku moja ya Novemba. Siku hiyo ofisi hufunguliwa kwa kuchelewa ili barabara ziwaachie watahiniwa, na ndege huzuiwa kuruka na kutua wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza.

Mzazi aliyepitia mtihani huo anaujua. Anajua pia kwamba kazi zenye usalama ni chache, ziko kwenye kampuni kubwa na serikalini, na anayekosa nafasi hizo huachwa nyuma kwa miaka mingi. Kwa hiyo anapojiuliza kama azae, swali lake halisi ni kama ataweza kumpeleka mtoto huyo hadi mwisho wa safari bila kumpa pungufu ya wengine. Akiwa na mmoja, pengine ataweza. Akiwa na wawili, kila mmoja atapata nusu. Wengi wanachagua mmoja kwa sababu wanamjali sana mtoto, na wengine wanaogopa hata huyo mmoja.

Kisha kuna saa. Mwaka 2022 mfanyakazi wa Korea Kusini alifanya kazi kwa wastani wa saa 1,901, wakati wastani wa nchi wanachama wa OECD, shirika la kiuchumi ambalo wengi wa wanachama wake ni nchi tajiri, ulikuwa saa 1,752. Tofauti hiyo ya takriban saa 150 ni karibu wiki nne za kazi. Sheria ya mwaka 2018 iliweka kikomo cha saa 52 kwa wiki, pamoja na za ziada. Machi 2023, mwaka uleule uzazi ulipofika 0.72, serikali ikapendekeza waajiri waruhusiwe kufika saa 69 katika wiki zenye shughuli nyingi. Vijana walipinga vikali na pendekezo likarudishwa kwenye mafaili. Serikali inayotangaza kwamba taifa linakufa kwa kukosa watoto ilikuwa tayari kumweka baba kazini hadi usiku wa manane. Kwangu hilo linaeleza mengi kuliko hotuba zote za miaka hiyo.

Ukisoma sheria ya likizo ya malezi utafikiri umefika peponi. Kila mzazi ana mwaka mmoja, na tangu Februari 2025 muda huo unaweza kufika miezi 18 endapo wote wawili watachukua angalau miezi mitatu. Malipo hutoka kwenye mfuko wa bima ya ajira, na kuanzia Januari 2025 kiwango cha juu ni won milioni 2.5 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwanzo. Matatizo yanaanza unapouliza ni nani anayethubutu kuichukua. Zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wako kwenye kampuni ndogo na za kati. Kwenye ofisi ya watu wanane, ukiondoka mwaka mzima kazi yako inagawiwa saba waliobaki, nao wana saa zao 52. Hakuna atakayekufukuza waziwazi. Utarudi ukute dawati lingine, jukumu dogo, na jina lako halimo kwenye orodha ya wanaopandishwa cheo. Wanaofanya kazi za mikataba ya kujitegemea, walimu wa shule za jioni na waendesha pikipiki za kupeleka vyakula, wengi wao bima hiyo haiwafikii kwa malipo ya likizo ya malezi.

Na anayechukua likizo ni mama, kwa kawaida. Mwaka 2022 pengo la mishahara kati ya wanaume na wanawake lilikuwa takriban asilimia 31, kubwa kuliko la nchi nyingine yoyote ya OECD. Mume na mke wanapokaa mezani kupiga hesabu, mshahara mdogo ndio unaotolewa kafara, na mdogo ni wa mke. Akirudi kazini mshahara wake umekuwa mdogo zaidi, na pengo linazidi kupanuka. Msichana wa miaka 27 aliyeanza kazi juzi anaona yote hayo kwa macho yake: dada aliyemfundisha kazi, aliyekuwa hodari kuliko wote, alijifungua na hakurudi kwenye nafasi yake. Msichana huyo hahitaji kusoma ripoti yoyote ili aamue.

Nyumbani nako mzigo umeegemea upande mmoja. Takwimu za OECD kuhusu matumizi ya muda zinaonyesha mwanamume wa Korea Kusini akitumia dakika 49 kwa siku kwenye kazi zisizolipwa, yaani kupika, kufua, kufagia, kulea. Mwanamke ni dakika 215. Claudia Goldin, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2023, ana maelezo ninayoyaona yana nguvu. Anasema nchi zilizoshuka chini kabisa ni zile ambazo uchumi wake ulikua kwa kasi kubwa ndani ya kizazi kimoja au viwili. Wasichana walikwenda shule na kuingia kazini haraka, lakini matarajio kuhusu mke ni nani na mume ni nani yalibaki ya kijijini kwa babu. Korea Kusini ilitoka kwenye umaskini wa baada ya vita hadi utajiri katika miaka isiyofika hamsini. Mwanamke amebadilika kwa mwendo wa uchumi. Mwanamume, na zaidi ya mwanamume ofisi yenyewe, amebadilika kwa mwendo wa mila.

Wanawake hao wana sababu nyingine ya kuzitilia shaka sera za uzazi, nayo ni historia. Mwaka 1962, chini ya mtawala wa kijeshi Park Chung-hee, serikali ilianza kampeni kali ya kupunguza uzazi. Wakati huo mwanamke alizaa watoto kama sita. Mabango ya miaka ya 1970 yaliwataka wazazi wakome kwa wawili, awe wa kike au wa kiume. Miaka ya 1980 wawili nao wakaonekana wengi. Wastani ulishuka chini ya 2.1 mwaka 1983, lakini sera hiyo haikuachwa rasmi hadi 1996. Katikati ya shinikizo hilo, familia zilizotaka mtoto wa kiume zilitumia vipimo vya kujua jinsia ya mimba ili kuwaondoa wa kike. Mwaka 1990 walizaliwa wavulana zaidi ya 116 kwa kila wasichana 100, na wavulana hao ndio wanaume wa miaka thelathini na ushei wanaotafuta wake leo. Kisha Desemba 2016 wizara ya mambo ya ndani ikaweka kwenye intaneti ramani iliyoonyesha kila wilaya ina wanawake wangapi walio katika umri wa kuzaa. Wanawake waliwaka kwa hasira na ramani ikaondolewa haraka. Walikuwa na haki. Mama zao walihesabiwa ili wapunguze, nao wanahesabiwa ili waongeze, na katika mara zote mbili hakuna aliyewauliza wanataka nini.

Kuna mji mmoja ambao ningependa wapanga sera wautazame kwa makini kuliko chati zao. Sejong ni mji mpya uliozinduliwa mwaka 2012 kwa ajili ya kuhamishia wizara kutoka Seoul. Wakazi wengi ni wanandoa vijana watumishi wa serikali: ajira haitikisiki, likizo inaheshimiwa kwa kuwa mwajiri ni serikali yenyewe, vituo vya kulelea watoto viko karibu na ofisi, na nyumba zilipatikana kwa bei ambayo Seoul haipatikani. Mwaka 2015 uzazi wa Sejong ulikuwa 1.89, wakati taifa lilikuwa 1.24. Watu walewale, lugha ileile, mtihani uleule wa Novemba. Kilichobadilika ni kwamba mama alijua atarudi kazini akute kiti chake. Sejong haikubaki juu. Kufikia 2023 ilikuwa imeshuka hadi 0.97, na kwa hiyo siwezi kuiuza kama dawa ya kila kitu. Bado mwaka 2024, ikiwa na 1.03, ilikuwa miongoni mwa sehemu chache zilizovuka mtoto mmoja, na ilikuwa karibu mara mbili ya Seoul.

Nyumba na ndoa nitavigusa kwa ufupi, ingawa uzito wake ni mkubwa. Korea Kusini watoto wanaozaliwa nje ya ndoa ni wachache mno, asilimia 4.7 mwaka 2023, hivyo asiyeoa au kuolewa kwa kawaida hazai. Ndoa nayo inadai nyumba, na kupanga nyumba kwa utaratibu wa kule mara nyingi kunataka amana inayoweza kufika nusu ya thamani ya nyumba yenyewe au zaidi, inayotolewa kwa mkupuo. Ndoa zilipungua kutoka takriban 327,000 mwaka 2012 hadi chini ya 194,000 mwaka 2023. Mwaka 2024 ziliongezeka kwa karibu asilimia 15, na uzazi ukapanda kidogo hadi 0.75. Wanasiasa wameshangilia. Mimi naona humo harusi zilizoahirishwa wakati wa Uviko, na pia kundi kubwa la waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipokuwa wakizaliwa watoto laki saba hivi kwa mwaka, ambao sasa wamefika umri wa kuoa na kuolewa. Kundi hilo likipita, nyuma yake hakuna wa kutosha.

Kuna hoja moja nzito dhidi yangu na siwezi kuipita. Ufini ina karibu kila ninachokitetea: akina baba wanaobeba watoto, likizo iliyogawanywa sawa kati ya wazazi tangu 2022, huduma bora za malezi. Na bado wastani wake ulishuka kutoka 1.87 mwaka 2010 hadi 1.25 mwaka 2024. Hungaria ilitoa mikopo ya hadi forinti milioni 10 kwa wanandoa na kumfutia kodi ya mapato mama wa watoto wanne; ikapanda hadi 1.61 mwaka 2021, kisha ikateremka hadi 1.38 mwaka 2024, dalili kwamba wengi waliwahisha watoto ambao wangewazaa tu. Singapore, yenye bonasi ya mtoto tangu 2001, ilikuwa 0.97 mwaka 2024. Kwa hiyo usawa nyumbani na kazini hauhakikishi watoto wawili kwa kila familia, na anayeahidi hivyo anadanganya. Ila angalia tofauti: 1.25 siyo 0.72. Kati ya namba hizo mbili kuna maelfu ya watu waliotaka mtoto wakampata. Tena, likizo ya uzazi na baba anayelea ni haki ya mama na mtoto hata kama havitaongeza kichwa kimoja kwenye sensa. Tatizo la sera hizi limekuwa hilo tangu mwanzo: kupima utu wa mfanyakazi kwa idadi ya watoto anaoliletea taifa.

Septemba 2024 Seoul ilijaribu njia nyingine, ambayo sisi wa Afrika Mashariki tunaifahamu. Ilileta wanawake 100 kutoka Ufilipino kusaidia kulea watoto. Kwa kuwa walilipwa kima cha chini cha mshahara kama sheria inavyotaka, huduma ya siku nzima ilifika takriban won milioni 2.38 kwa mwezi. Familia ya kawaida haikuimudu, na sehemu kubwa ya zilizojitokeza ilitoka mitaa ya kitajiri kama Gangnam. Ukasikika pia mjadala wa kutafuta namna ya kuwalipa chini ya kima cha chini.

Nairobi na Dar es Salaam hatukuhitaji mjadala huo, maana sisi tayari tunawalipa kidogo. Mke na mume walioajiriwa hapa wanaweza kutoka saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu kuna dada wa kazi aliyeamka saa kumi na moja. Mara nyingi ana mtoto wake mwenyewe aliyemwacha kwa bibi kijijini. Yeye ndiye likizo yetu ya malezi na ndiye chekechea yetu. Mpango huu unaelekea ukingoni, na ni vizuri uishe: wasichana wanabaki shuleni muda mrefu zaidi, na wengine wakipata nafasi ya kwenda Oman au Saudi Arabia wanafuata mshahara mkubwa zaidi, pamoja na hatari zake zote. Siku mshahara wa dada utakapokuwa wa haki, familia nyingi za tabaka la kati zitakuta zimesimama palepale waliposimama wanandoa wa Seoul.

Hatuko kwenye upungufu wa watoto. Tanzania mwaka 2022 wastani ulikuwa 4.8. Kenya ulikuwa 3.4, baada ya kushuka kutoka 8 na ushei mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwa mijini ulishafika 2.8. Kushuka huko kumeokoa maisha ya akina mama na kuwapa watoto nafasi darasani, na sitaki yeyote atumie mfano wa Korea Kusini kuwaambia wanawake wetu wazae zaidi. Ninachotaka ni tutengeneze mapema kile walichochelewa kutengeneza. Sheria ya Tanzania inampa mama siku 84, na baba siku tatu. Ya Kenya inampa mama miezi mitatu na baba wiki mbili, lakini mshahara wa miezi hiyo unatoka mfukoni mwa mwajiri. Ndiyo maana mwanamke aliyeolewa karibuni huulizwa kwenye usaili anatarajia kupata mtoto lini, swali ambalo mumewe hajawahi kuulizwa. Mfuko wa pamoja, unaochangiwa na waajiri wote wawe wameajiri wanawake au wanaume, ungeondoa sababu ya swali hilo. Korea Kusini wanao mfuko wa aina hiyo. Walichokosa ni kuulinda kwa sheria yenye meno dhidi ya mkubwa wa kazi anayekunja uso mtu anapoomba ruhusa, na kuwapa akina baba sababu ya kuitumia likizo tangu mwanzo. Mwaka 2024, kwa mara ya kwanza, wanaume walivuka asilimia 30 ya waliochukua likizo ya malezi kule. Kama nchi zetu zitaandika siku za baba kuwa nyingi na zisizohamishika kwa mama, ziandike sasa, wakati waajiri bado wanajenga desturi zao na kabla hazijawa ngumu kung'oa.